Landrova ya Baba: Breki Kwanza

Uyole, Mbeya. Jumamosi, 7 Juni 2025

Leo tumeitoa chini ya mparachichi. Imekaa pale miaka tisa, tangu marehemu baba alipoacha kuendesha, na matairi yalikuwa yamezama hadi nyasi zimeota mpaka juu ya rimu. Tulikuwa vijana wanne wa jirani, mwanangu, mimi, na mjomba aliyesimamia kazi nzima akiwa amekalia ndoo. Tulijaza upepo kwa pampu ya mguu. Matairi matatu yakashika, la nne likagoma, tukafunga spea.

Ilipotoka tu kwenye kivuli, kila aliyekuwepo aliuliza swali lile lile: utaiwasha lini?

Naandika jibu hapa ili nisije nikalisahau hamu ikinipanda. Injini haitawashwa mpaka breki zishike magurudumu yote manne. Mtu wa Mbeya hahitaji kuelezwa habari za gari lililokosa breki. Ukitoka hapa Uyole kwenda Chimala kuna mteremko wa Inyala. Ukivuka mji kwenda Mbalizi kuna Iwambi. Ukienda kwa mama, Kyimo, unapanda hadi Isyonje halafu unateremka moja kwa moja mpaka Kiwira. Tumezika watu kwa sababu ya miteremko hii. Gari lisilowaka halijawahi kumuua mtu likiwa chini ya mti, lakini gari linalowaka bila kusimama ni jambo jingine kabisa.

Kwa anayependa kujua: ni Series III fupi, ile ya inchi 88 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, ya mwaka 1978, injini ya petroli ya silinda nne, sentimita za ujazo 2,286. Haina servo ya kuusaidia mguu kukanyaga breki, na mafuta ya breki yanapita njia moja kwa magurudumu yote. Paipu moja ikipasuka, umebaki na handibreki peke yake.

Jumapili, 8 Juni

Baada ya ibada nililala chini ya gari na nyundo ndogo, nikagonga chesisi kuanzia bampa ya mbele hadi nyuma. Chuma kizima hulia, kilicholiwa hunyamaza. Bodi ya Landrova ni alumini, kwa hiyo ukiitazama kwa nje unaweza kudhani gari ni zima, kumbe chesisi ya chuma iliyo chini inaoza kimya kimya. Na pale alumini inapogusana na bolti ya chuma huku pana unyevu, alumini huanza kuwa unga mweupe. Yetu imeishi kati ya hapa na Rungwe, kwenye mvua isiyoisha, nikategemea mabaya. Nimekuta sehemu mbili tu zilizonyamaza: chuma cha kukingama cha nyuma kabisa, upande wa kulia, na kishikio cha springi ya nyuma kushoto.

Fundi wa kuchomelea atakuja Jumatano. Nimeshafungua tangi la petroli, lipo chini ya kiti cha dereva, na nimelipeleka mbali kabisa na nyumba. Petroli iliyokuwamo ilikuwa na rangi ya chai ya rangi na ilinuka kama vanishi.

Jumamosi, 21 Juni

Kuchomelea kumekwisha, na fundi amefanya kazi safi.

Leo nimepata funzo ambalo lingeweza kunivunja mguu, kwa hiyo nitalieleza polepole. Nilivuta handibreki mpaka mwisho, nikaweka jeki gurudumu la nyuma kushoto, nikalinyanyua. Lilipoachana na ardhi, gari likaanza kwenda. Halikwenda kwa kasi, lilijongea kama mtu anayesogea kwenye benchi, na jeki ikaanza kulala. Mwanangu alikuwa amesimama mbele akasukuma tofali chini ya tairi kwa mguu wake. Nilimgombeza kwa kuweka mguu pale, kisha nikamkumbatia.

Sababu ni hii. Kwenye gari dogo la kawaida, handibreki inashika magurudumu ya nyuma yenyewe. Kwenye Landrova hizi kuna dramu moja nyuma ya gia boksi, nayo inashika propela shafti inayokwenda nyuma. Propela ikishikwa, magurudumu mawili ya nyuma bado yameunganishwa na difu, na kazi ya difu ni kuruhusu gurudumu moja lizunguke tofauti na lenzake. Yakiwa yote mawili chini, gari limefungwa. Ukinyanyua moja, lile la juu liko huru kuzunguka kinyume, na la chini nalo linapata uhuru wa kubingirika. Handibreki imeshika sawasawa, lakini gari linaondoka.

Tangu leo hapa kwetu hakuna jeki bila mawe mawili kwenye kila gurudumu lililobaki chini, na hakuna mtu kuingia chini ya gari mpaka limekaa juu ya stendi. Nimeyachagua mawe yenyewe, meusi ya volkano, yenye bapa upande mmoja, na nimeyapaka rangi nyeupe ili yasichukuliwe kujengea jiko.

Jumamosi, 28 Juni

Baridi imekaza. Asubuhi spana zilikuwa zinaumiza viganja, nikafanya kazi nikiwa nimevaa koti la kuendea kanisani la zamani.

Dramu zote nne zimefunguka, ya mwisho baada ya saa mbili za kugonga kwa nyundo ya mbao na kumwagia maji ya moto. Ndani nimekuta kitu ambacho sikukitegemea. Breki shuu zina unene wa kutosha. Dramu zimelika kidogo tu. Ila raba za wili silinda, zile pampu ndogo zinazosukuma breki shuu, zimevimba. Nilitoa moja nikaiweka kiganjani karibu na mpya: ya zamani ilikuwa laini kama ufizi, imetanuka hadi midomo yake imejikunja nje, haiwezi tena kurudi kwenye tundu lilikotoka. Zote nane ziko hivyo, na ya masta silinda, pampu kuu ya kwenye pedeli, ni hivyo hivyo.

Raba haivimbi namna hiyo kwa uzee, kwani uzee huikausha na kuipasua. Kuvimba maana yake imekunywa oili. Nilichovya kidole kwenye kikopo cha mafuta ya breki, nikasugua, nikaweka tone kwenye maji. Mafuta halali ya breki yanachanganyika na maji, haya yalielea. Gereji ya mwisho iliyoigusa gari hii, wakati baba akiwa bado anaendesha, ilijaza oili ya haidroliki mahali pa mafuta ya breki. Nakumbuka baba alivyokuwa akilalamika miezi ile ya mwisho kwamba breki zinashika zenyewe na gari linakuwa zito. Tulimwambia ni umri. Nimekaa na jambo hili jioni nzima.

Hapo hakuna cha kuokoa. Kila raba inatoka, wili silinda zote zinabadilishwa, paipu zote za chuma zinakatwa na kutengenezwa upya, kwa sababu oili ikibaki kwenye kona moja itaharibu raba mpya vile vile. Nimeulizia Mwanjelwa nikapata mbili tu, zilizobaki nimeagiza Kariakoo, zitakuja kwa basi.

Jumatatu, 7 Julai (Sabasaba)

Sikukuu imeniangukia vizuri. Kifurushi kilifika Ijumaa, na leo nyumba nzima imefanya breki.

Mafuta niliyochagua ni DOT 4. DOT 3 na DOT 4 zote hunyonya unyevu kutoka hewani, na zikishanyonya huchemka mapema. DOT 3 mpya inatakiwa isichemke chini ya nyuzi 205, ikishakuwa na maji inashuka hadi 140. DOT 4 ni 230 mpya na 155 ikishanyonya. Kwenye mteremko mrefu dramu zinapata moto, mafuta yakichemka yanatoa mvuke, na mvuke unabanwa kama sponji: unakanyaga, pedeli inakwenda chini, na hakuna kinachotokea. Ndiyo maana mafuta ya chupa iliyofunguliwa mwaka jana siyatumii hata kama chupa imejaa.

Kutoa hewa kulitushinda mara mbili. Mama watoto alikuwa kwenye pedeli, mimi kwenye nipo, ile skrubu ya kutolea hewa, mwanangu anaongeza mafuta juu. Tulianza na gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda, nyuma kushoto, tukamalizia na la mbele kulia. Pedeli ikabaki laini. Tukarudia, bado laini. Ndipo nikakumbuka: unakaza adjasta za magurudumu yote mpaka breki shuu zibanwe kabisa kwenye dramu, ndipo unatoa hewa. Pistoni hazina pa kwenda, hewa haina pa kujificha. Mzunguko wa tatu mapovu yalitoka makubwa, halafu madogo kama ya soda, halafu yakakoma.

"Imekuwa ngumu kama jiwe," mama watoto akasema kutoka ndani.

Baada ya hapo kila gurudumu linanyanyuliwa, adjasta inalegezwa kidogo kidogo hadi tairi izunguke bila kukwaruza. Wakati huo huo tulisukuma gari uani, mjomba akakanyaga, likasimama papo hapo na vijana wote wakagonga vifua kwenye bodi. Nilifurahi kuliko nitakavyofurahi injini ikiwaka.

Jumamosi, 19 Julai

Sasa injini. Wiki mbili zilizopita nilitoa plagi nne na kumimina vijiko viwili vya oili kwenye kila silinda, nikaacha ilowe. Leo nimechukua hendeli. Uzuri wa magari haya ni kwamba unaweza kuizungusha injini kwa mkono kutoka mbele, na mkono unasikia mambo ambayo selfu haikwambii. Ilikuwa nzito, ikaachia ghafla, ikazunguka. Haikukwaruza popote.

Oili mpya, filta mpya, betri ya kuazima, na kipimo cha kompresheni, yaani jinsi kila silinda inavyobana hewa, kwa psi:

Silinda ya 1: 118
Silinda ya 2: 120
Silinda ya 3: 82
Silinda ya 4: 119

Tahadhari kwa mwenye kupima huku kwetu nyanda za juu: usilinganishe namba zako na za kitabu kilichoandikwa kwa ajili ya watu wa usawa wa bahari. Mbeya tuko mita kama 1,700, na hewa hapa ina mgandamizo wa karibu asilimia 80 tu ya ule wa Dar es Salaam. Injini nzima kabisa itasoma chini. Kinachotakiwa ni silinda zifanane, na ya tatu haifanani.

Mjomba, ambaye aliendesha malori njia ya Zambia miaka mingi, akasema moja kwa moja: "Mpwa wangu, fungua hedi. Valvu imeungua hiyo."

"Mjomba, niruhusu nipime kwanza."

"Pima. Lakini utaifungua."

Nilimimina oili kidogo kwenye silinda ya tatu nikapima tena: 84. Ringi zingekuwa mbovu, oili ingeziba na namba ingepanda sana. Haikupanda, kwa hiyo hewa inatokea kwenye valvu, mjomba yuko sahihi mpaka hapo. Nikafungua kava la juu, nikachukua fila geji, kile kibapa cha kupimia mwanya, ya milimita 0.25, ambayo ndiyo nafasi ya tapeti zote za injini hii.

Kuna kanuni ya tisa ambayo kila mwenye injini hii aikariri. Valvu zinahesabiwa 1 hadi 8 kutoka mbele. Valvu ya 8 ikiwa imefunguka kabisa, unapima ya 1. Ya 6 ikifunguka unapima ya 3. Ya 4 ikifunguka unapima ya 5. Zikijumlishwa zinatoa tisa kila mara, na huhitaji kutazama alama yoyote kwenye puli.

Valvu ya 5 ni ya ekzosi ya silinda ya tatu. Nilizungusha hendeli mpaka ya 4 ikazama yote, nikaingiza fila geji, haikuingia. Nikajaribu nyembamba kuliko zote niliyonayo, ya 0.05, nayo haikuingia. Valvu haikuwa na nafasi hata kidogo, ilikuwa inashikiliwa wazi daima. Nililegeza nati, nikarudisha skrubu hadi 0.25 ikapita kwa mkwaruzo mdogo, kama kisu kinachovutwa kwenye karatasi. Nikafunga, nikazungusha, nikapima: 109.

Haijafika wenzake, na huenda kiti cha valvu kimechomeka kidogo. Lakini hedi inabaki mahali pake. Mjomba alitazama kipimo, akachukua fila geji akaigeuzageuza, akasema tu, "Ndaga," yaani asante kwa Kinyakyusa.

Ijumaa, 8 Agosti (Nanenane)

Watu wote wako viwanja vya John Mwakangale na barabara imejaa. Sisi tumebaki uani na kidumu cha petroli.

Imewaka mara ya nne. Moshi mweupe, kisha wa bluu, kisha ukaisha. Mama jirani alipiga vigelegele juu ya ukuta. Nami nikasimama na mkono juu ya madigadi, nikaisikia ilivyokuwa ikitetemeka vile vile kama nilipokuwa mtoto nikisubiri kupelekwa shule.

Halafu ikaanza kumisi, na haikuwa silinda moja, ilikuwa inaruka hovyo. Giza lilipoingia nilifungua kofia ya distributa, mwanangu akapiga selfu, na pale pointi, ile swichi ya kukata umeme wa koili, zinapoachana niliona cheche nene ya bluu. Hapo cheche kubwa hazitakiwi. Kazi ya kondensa ni kuzimeza ili koili ipeleke nguvu kwenye plagi. Na kondensa niliyofunga ni mpya, imetoka dukani juzi.

Kwenye kopo la Africafe ambalo baba alihifadhia vitu vidogo kulikuwa na kondensa mbili za zamani zilizofungwa kwenye gazeti. Nikafunga moja, nikarudisha mwanya wa pointi 0.40, nikapiga selfu. Ikatulia. Jambo hili nimelisikia kwa mafundi wengi na sasa nimeliona: kondensa mpya za siku hizi zinakufa haraka, ile ya zamani ikifanya kazi usiitupe.

Jumamosi, 16 Agosti

Injini inavuta vizuri ukikanyaga, ila ikiachwa kwenye silensa, bila kukanyaga mafuta, inapanda na kushuka yenyewe kama mtu anayehema usingizini. Nilinyunyiza maji kidogo kidogo kuzunguka kabureta. Yalipogusa mstari kati ya kipande cha juu na cha chini, injini ikabadilika sauti. Hewa inaingia pale.

Ni kabureta ya Zenith, na huu ndio ugonjwa wake: kipande cha juu hupinda kwa miaka ya joto na kwa watu kukaza skrubu kupita kiasi. Nilikilaza juu ya kioo cha dirisha, kikachezacheza. Nikabandika msasa laini wa maji juu ya kioo, nikakisugua kwa mwendo wa namba nane, nikisimama kila baada ya dakika chache kutazama. Mwanzoni zinang'aa pembe mbili tu na katikati panabaki peusi. Kadiri unavyosugua, weusi unapungua kuelekea katikati. Usikandamize mbele kuliko nyuma. Saa moja na nusu baadaye uso wote ulikuwa wa rangi moja. Gasketi mpya, raba mpya ya duara ndani, skrubu zikakazwa kwa kupishana.

Sasa inanguruma bila kupepesuka.

Plagi zinatoka nyeusi za masizi, yaani petroli ni nyingi kuliko hewa, jambo la kutegemewa kwenye hewa nyepesi kama yetu. Jeti, kile kitundu kinachopima petroli, siigusi mpaka gari litembee njia ndefu.

Jumamosi, 30 Agosti

Bima imekatwa, taa zote zinawaka, honi inalia. Tumeondoka saa moja asubuhi kwenda Kyimo, mimi, mjomba mbele, mwanangu nyuma na yale mawe meupe.

Kupanda kutoka Igawilo ilikwenda gia ya tatu, sehemu nyingine ya pili, joto la maji halikusogea. Isyonje tulisimama kwenye ukungu karibu na magunia ya viazi, nikatazama plagi moja: nyeusi. Jeti ndogo ya namba inayofuata itahitajika.

Kisha mteremko. Mjomba hakusema neno ila moja: "Gia uliyopandia ndiyo ya kuteremkia." Nikaweka ya pili kabla hatujaanza, injini ikashika gari, na breki nikawa nazigusa na kuziachia, sikuzilalia. Malori yalitupita, tukayaachia nafasi. Kila nilipokanyaga gari lilisimama, lakini chini ya Isongole nikahisi usukani ukivuta kidogo sana kwenda kulia. Mjomba naye alihisi, maana alinitazama mkononi.

Kiwira nikasimamisha mahali tambarare, mawe kwenye magurudumu. Nilipitisha mgongo wa kiganja karibu na kila dramu bila kugusa, kisha nikadondosha maji. Mbele kulia yalifoka, mbele kushoto yakafoka, nyuma kulia yakakauka haraka. Nyuma kushoto tone lilitiririka hadi chini kama nimelidondosha kwenye sufuria baridi. Gurudumu hilo halikufanya kazi yoyote tangu Isyonje. Nikaigusa adjasta kwa spana, ikazunguka kwa vidole viwili. Springi inayoibana imechoka, kwa hiyo kila mtikisiko umekuwa ukiilegeza.

Nimeikaza, nikaifunga kwa waya isirudi. Hiyo inatosha kunifikisha nyumbani, lakini si kuongeza mteremko mwingine. Nikampigia mama.

"Shikamoo mama. Tuko Kiwira, lakini leo hatufiki."

"Marahaba. Mmeharibikiwa?"

"Gari linawaka vizuri. Breki moja ya nyuma haijaniridhisha."

Akanyamaza kidogo. "Basi rudini polepole, mwanangu. Ndizi nitazituma kwa Coaster."

Tumefika Uyole saa saba mchana, kwa gia ya pili kuanzia Isyonje. Waya ulikuwa bado umeshika, na dramu zote nne zilikuwa na joto.

Jumatatu: kupiga simu Kariakoo, adjasta mbili za nyuma na springi zake. Jeti. Kondensa ya akiba.